Besi Yangu Waliiita Bunduki

Nina miaka thelathini na sita. Ni mshonaji wa nguo hapa Baraka, mama wa mtoto mmoja, binti yangu Riziki. Niliolewa kanisani, kwa pete na kwaya, na leo ninaishi bila mume. Sikuachwa... nilikataa! Naomba mlishike neno hilo tangu mwanzo, wasomaji wenzangu, maana huku kwetu mwanamke akiishi peke yake watu wanaanza kumtafutia kosa. Mimi kosa langu nitawatajia mwenyewe. Ninatengeneza magitaa ya besi. Ya umeme. Kwa mikono hii hii inayoshona sare za watoto wa shule.

Mnacheka? Chekeni tu. Wengi walicheka kabla yenu, na wengine walifanya zaidi ya kucheka.

Marehemu baba yangu alikuwa seremala. Hakupata mtoto wa kiume, basi randa na patasi zake zikabaki kwangu. Mchana nilikuwa nashona ili tule. Jioni, nikishafunika cherehani, nilikuwa naingia katika karakana yake nyuma ya nyumba na kuchonga. Si kwa biashara. Ni kwa kupumzisha moyo tu. Wengine wanasuka mikeka, wengine wanakwenda kukaa kwa jirani wakipiga hadithi... mimi nachonga besi.

Kwa nini besi? Kwa sababu ya Wilondja.

Wilondja alikuwa mpiga besi wa kwaya yetu. Mrefu, mpole wa sauti, vidole vinavyotembea kama havina mifupa. Besi ya kanisa ilikuwa imechoka. Shingo yake imepinda, sauti inakwaruza. Siku moja baada ya mazoezi nilimwomba aniachie nijaribu kuinyoosha. Alinitazama kama mtu aliyeombwa na mbuzi amfundishe kusoma! Lakini aliniachia. Nikainyoosha, nikabadilisha na nyaya za ndani. Jumapili ile sauti ilitoka nzito na safi, mpaka bamama wa viti vya nyuma wakageuka kutazama bafle, ile spika kubwa. Na Wilondja, bado anapiga, akaanza kunitafuta kwa macho katikati ya watu.

Ndivyo tulivyopendana. Nani angekataa?

Tulipooana na kumpata Riziki, nilimtengenezea besi yake mwenyewe, tangu ubao mtupu. Mwili niliuchonga kwa mabaki ya mbao za muvule za baba. Nyuzi zilikuwa kamba za breki za pikipiki. Sumaku nilizitoa katika bafle zilizokufa. Na ile mikro, kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti, niliizungushia uzi wa shaba mwembamba kama unywele. Mnajua niliuzungusha kwa kitu gani? Kwa gurudumu la cherehani yangu! Nilikuwa nakanyaga taratibu, uzi unajipanga, na Riziki, wakati huo bado mdogo, amelala mgongoni.

Ile ya kwanza ilifuatwa na nyingine, na nyingine. Kila moja nzuri kuliko iliyopita. Watu wakaanza kumuuliza Wilondja nani fundi wake. Nilikuwa nimesimama pembeni yake pale uani mwa kanisa alipojibu, "Ni mimi mwenyewe."

Nilidhani sikusikia vizuri...

Nyumbani alinishika mkono. "Mama Riziki, usikasirike. Batu bakijua bibi yangu njo ananitengenezea, batanicheka. Batasema we njo bwana, mi njo bibi."

Nilicheka. Nilijiambia ni aibu ndogo ya mwanaume, itapita. Sasa ni nani aliyeniambia kwamba aibu ya namna hiyo inapita? Haipiti! Ukiinyamazia inanenepa. Miaka ikaenda. Vijana wa Baraka wakawa wanamwita "fundi", naye anaitika. Wakija nyumbani kuona karakana ananiomba niingie jikoni. Nami naingia... nasikia kutoka jikoni anavyowaeleza kazi yangu, na anakosea.

Hayo yote ningeweza kuyabeba. Ni nani katika ndoa habebi kitu? Lakini sikilizeni yaliyofuata.

Kulikuwa na mkutano wa makwaya hapa Baraka. Mojawapo ilishuka kutoka Bibokoboko, kule juu milimani. Waliimba mpaka nikatoa machozi, lakini chini ya zile sauti palikuwa patupu. Gitaa moja, ngoma moja, basi. Kama nyumba isiyo na msingi. Baadaye nilimfuata kiongozi wao, mama mmoja wa makamo anayeitwa Mama Debora. Wengi sokoni wanamjua, maana hushuka na jibini ya ng'ombe wao. Nikamuuliza besi yenu iko wapi.

"Iliungua," akanijibu. "Tulikimbia na batoto. Gitare hatukuweza kubeba."

Mnajua mambo yetu ya hapa wilaya ya Fizi. Mnajua jinsi sisi watu wa ziwani na wale wa milimani tunavyotazamana, na damu iliyomwagika pande zote. Sitaki kuyarudia hapa. Ninachojua ni kwamba yule mama alisema "batoto" kama vile mimi ninavyosema.

Nikamwambia, "Nitawatengenezea ingine."

"Bwana yako atatengeneza?"

"Mimi," nikasema. "Mimi mwenyewe."

Lo! Wasomaji wenzangu, siwezi kuwaeleza utamu wa neno lile. Miaka yote sikuwa nimelitamka mbele ya mtu. Mama Debora alinitazama mikono, kisha usoni, halafu akacheka kwa furaha na kunikumbatia. Hakuuliza zaidi. Tulikubaliana kwamba sitaki malipo. Akishuka sokoni aniletee jibini, basi. Wiki iliyofuata aliniletea na kipande cha mfupa wa ng'ombe, kwa sababu nilimweleza kwamba nyuzi zinahitaji kitu kigumu cha kupitia pale juu ya shingo, kabla ya kufika kwenye funguo.

Ile besi niliifanya kwa roho yangu yote. Muvule kwa mwili, ubao mwepesi zaidi kwa uso, na nyuzi halisi nilizoagiza Uvira. Si kamba za breki tena! Ndani nilitia kitu ambacho sikuwahi kukijaribu, kisanduku kidogo chenye nyaya na betri ya mraba, cha kuipa sauti nguvu kabla haijaingia kwenye ampli, mashine ya kuikuza. Niliunguza vidole kwa risasi ya moto ya kuunganishia nyaya. Nilikosea, nikabomoa, nikaanza upya. Siku ilipokubali, nilipiga uzi mmoja tu, ule mnene, na vikombe vikatikisika mezani.

Wilondja aliichukua akaipiga mchana kutwa, macho ameyafumba. Alipomaliza hakuitoa begani.

"Hii haiendi juu," akasema. "Hii ni yangu."

Nikamwambia nimeshaahidi, nitamtengenezea nyingine kama hii.

"Uliahidi bale batu?"

"Niliahidi kwaya, baba Riziki."

Aliiweka chini polepole. Hakupiga kelele. Hakunipiga. Lakini kwa siku kadhaa alikuwa anakula bila kunitazama, anatoka bila kuaga. Nilikuwa nikimuuliza, ananijibu kwamba kichwa kinamuuma. Halafu ghafla akabadilika! Akawa mtamu kama siku za uchumba. Akasema nina haki, kazi ya Mungu haina mipaka. Akatafuta mbao mwenyewe, akatengeneza sanduku refu la kuisafirishia. Mimi nikaifunga besi kwa kitenge, nikailaza ndani. Yeye akashika nyundo akapiga misumari. Akazungushia turubai la plastiki na kamba. Tena ni yeye aliyekwenda kumwita Amisi, jirani yetu mwendesha pikipiki, mtu asiye na neno na mtu, awapelekee kule juu.

Nilimbusu mume wangu mbele ya Amisi. Fikirini... nilimbusu!

Amisi aliondoka asubuhi. Sijamaliza kushona kola ya sare moja, nikasikia gari limesimama mbele ya nyumba. Askari wakaingia. Mmoja akapiga teke kapu langu la vitambaa. Wakaniuliza kama ni mimi mwenye sanduku. Nikasema ndiyo, kuna nini, pikipiki imeanguka?

"Bunduki yako imekamatwa kwa bariyeri," akasema.

Nikadhani ananitania. Nikacheka... Alinipiga kofi mpaka pini nilizokuwa nimeshika mdomoni zikaruka.

Pale bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, nilikuta sanduku limepasuliwa. Walikuwa wameisimamisha besi yangu kwenye mti na kuipiga kitako cha bunduki kuona kuna nini tumboni. Na walichokuta ndani kikawatisha zaidi. Nyaya! Sumaku! Betri! Wakarudi nyuma wakisema ni bomu, ni bomu. Na Amisi alikuwa amelala kando ya barabara, mkono wake wa kuume umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Walikuwa wakimuuliza ni nani wa kule juu anayepokea silaha, naye anarudia neno moja tu, gitare, gitare.

Aliponiona alisema, "Mama Riziki, baambie..."

Niliwaambia. Nilipiga magoti, nikaapa, nikataja majina ya wazee wa kanisa. Nani alisikia? Neno "silaha" likishatajwa huku kwetu, masikio yanaziba. Walitupakia garini, sisi na vipande vya besi, wakatupeleka Fizi mjini.

Kasho ya Fizi, yaani mahabusu yao, sitaieleza yote. Chumba cha simenti, harufu, na akina mama wengine wenye mashitaka yao. Mmoja wao alinigawia kanga ya kulalia, Mungu amkumbuke. Niliwaza mengi, lakini wazo moja lilinipa nguvu. Wilondja anakuja! Yeye ndiye aliyepiga misumari. Yeye aliiona ikiingia sandukuni, alikuwa ameipiga kwa vidole vyake. Akisimama mbele ya chef, mkuu wa askari, na kusema sentensi moja tu, mlango unafunguka.

Nilimngoja. Kila mlango ulipolia nilinyanyuka.

Hakuja.

Mama mkwe wangu alituma chakula, pamoja na ujumbe kwamba nikiri haraka yaishe. Nikiri nini? Riziki alikuwa kwa dada yangu, na dada alipokuja kuniona alinieleza kwamba mjini watu wameanza kuchukua vitambaa vyao nyumbani kwangu, hata vile ambavyo nilikuwa nimeshakata. Hakuna aliyetaka nguo iliyoshonwa na mwanamke wa silaha. Nikamuuliza habari za mume wangu. Akainamisha kichwa. "Anasema anaumwa," akanijibu.

Siku niliyoitwa mbele ya chef, nilikuta mwili wa besi umewekwa juu ya meza kama maiti. Aliniuliza kwa mara nyingine ni kitu gani hiki. Na hapo, sijui nguvu zilitoka wapi, hofu yote iliniisha. Ilikufa! Nilijiona nimekaa jikoni miaka mingi kumficha mtu aibu, na sasa nimekaa kasho, na bado nimenyamaza kama mgeni. Nikasimama wima.

"Papa chef," nikamwambia, "mi siko mutu wa bunduki. Mi njo fundi wa besi. Letea mi ampli, hata ya bar, hata ya kanisa. Kama hii kitu haitalia, munifunge mpaka nife."

Askari walicheka. Chef hakucheka. Labda alichoka, labda alitaka kuona nitaaibika. Akamtuma mmoja alete ampli kutoka kwenye bar ya jirani.

Wakati wanaileta, nilipewa vipande vyangu uani, juani, watu wanatazama kutoka kwenye ua wa matete. Shingo ilikuwa imepasuka lakini upande mmoja bado umeshika. Nikachana kitenge changu nikaifunga kwa nguvu, kama mtu anayefunga mguu uliovunjika. Kile kisanduku cha betri kilikuwa kimesagika, nikakiacha, nikaunganisha nyaya za mikro moja kwa moja, kwa meno na kucha. Nyuzi tatu zimekatika. Nikaweka ule mmoja mwembamba uliobaki, nikaukaza kidogo tu, maana shingo isingevumilia zaidi. Mikono yangu ilikuwa imetulia. Hata mimi nilishangaa.

Wakawasha ampli. Nikachomeka. Kwanza ikanguruma vibaya, askari mmoja akainua bunduki...

Nikapiga.

Sauti ikatoka! Mbovu, inalegea, lakini ni sauti ya besi, hakuna mwenye masikio angeiita kitu kingine. Nikapiga tena. Nikaanza wimbo mmoja wa ibada ambao huku kila mtu anaujua, kwa uzi ule mmoja, nikipandisha na kushusha. Nyuma ya ule ua wa matete, bamama waliokuja kuwaletea wafungwa chakula wakaanza kuimba. Kwanza mmoja, kisha wote. Niliinua kichwa nikawatazama askari mmoja mmoja, na safari hii wao ndio waliotazama chini.

"Inatosha. Zima," chef akasema.

Hakuniomba msamaha. Aliniambia tu nichukue vitu vyangu niende, na Amisi pia. Lakini nilipofika mlangoni aliniita, akashusha sauti.

"Mama, ukifika kwako, uangalie mutu unalala naye. Bwana yako njo alikuya hapa. Alisema mwenyewe, kwa macho yake, aliona bunduki inafungwa mu sanduku."

Nilishika ukuta.

Wilondja wangu! Aliyepiga misumari! Aliyemwita Amisi kwa jina, akamshika bega, akamwambia "safari njema"!

Niliporudi Baraka sikuanzia nyumbani kwangu. Nilikwenda kwanza na Amisi kwake. Mkewe Zaina alimpokea mlangoni. Alimlaza, akarudi uani, akaniuliza swali moja ambalo bado linanichoma. "Batoto yangu batakula nini sasa?" Ule mkono haukurudi vizuri. Mpaka leo hauwezi kuzungusha mshiko wa mafuta wa pikipiki. Mtu aliyebeba sanduku tu!

Ndipo nikaenda kwangu. Wilondja alikuwa ameketi mlangoni, mzima, hana ugonjwa wowote. Alinyanyuka kunikumbatia. Nikamwuliza kwa nini. Akasema kwa nini nini? Nikamwambia chef ameniambia. Alikana kwa Mungu, akakana kwa marehemu baba yake. Kisha macho yake yakaangukia besi iliyofungwa vitambaa mkononi mwangu, na uso wake ukavunjika.

"Nilitaka tu bakunyang'anye gitare," akasema. "Baikamate, ibaki hapa chini. Sikujua batakufunga. Sikujua batamupiga Amisi."

"Na ulipojua?"

Akageuka kuingia ndani.

"Nilikungoja, Wilondja. Ulipojua, ulifanya nini?"

"Ningesema nini?" akafoka. "Niseme mbele ya batu wote kwamba ile besi ni yako? Kwamba zote ni zako?"

Mmesikia? Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuogopa askari. Alikuwa radhi mkewe aoze kasho, na jirani abaki kilema, kuliko watu wajue kwamba fundi si yeye!

Familia ilikaa kikao. Wajomba zake walitoka Kilembwe, wazee wa kanisa walikuja, mama mkwe alilia. Walisema shetani alimpitia. Walisema nyumba isivunjike kwa sababu ya kipande cha ubao. Walinitaka nisamehe, niache kabisa kazi ile isiyo ya wanawake, na habari hii isitoke nje ya chumba kile. Wilondja alikuwa ameketi katikati yao, ameinama, mnyenyekevu kabisa. Ungemwonea huruma. Hata mimi, kwa kitambo kidogo, nilimwonea.

Nilisubiri wamalize wote. Nikawaambia hivi. Nimemsamehe, kwa sababu sitaki kubeba chuki mgongoni. Lakini sitalala naye tena chini ya paa la baba yangu. Vyombo vyangu sitaviacha. Na kunyamaza... hapana! Kunyamaza kumenitosha!

Mama mkwe aliniita mwanamke wa jiwe. Nikamwambia, "Ndiyo, mama."

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nilisimama. Mzee mmoja alinifanyia ishara nikae. Sikukaa. Wilondja alikuwa mahali pake, ameshika ile besi ya kwanza niliyomtengenezea. Nikawaambia waumini kwamba ile, na zote walizowahi kuzisikia hapo, zilitoka katika mikono yangu. Nikawaambia ni nani aliyetaja silaha. Nikawataka wamtazame Amisi, aliyekuja na Zaina akaketi karibu na mlango, ingawa wao ni Waislamu na hawakuwa na sababu ya kuingia pale isipokuwa kunisimamia. Wilondja akaivua besi begani, akailaza sakafuni, akatoka kwa mlango wa pembeni. Sasa yuko Kilembwe kwa wajomba zake, anafanya biashara ndogo. Anamtumia Riziki salamu. Riziki anazipokea, ni baba yake. Mimi sizipokei.

Je, yote yalinyooka? Hapana. Kuna walioacha kunisalimu. Kuna wanaosema nimemvunjia mwanaume heshima, ningemalizia mambo ndani. Wateja wengine hawajarudi na sitawafuata. Amisi nimemfundisha kuzungusha mikro kwa mkono wake mzima, na tunakula pamoja kinachopatikana, lakini yeye alizaliwa kuendesha pikipiki, na kila pikipiki inapopita anainua kichwa. Hilo ni jeraha ambalo siwezi kulishona.

Lakini besi ya Bibokoboko ilikamilika! Nilitengeneza nyingine, shingo mpya, mwili mpya. Safari hii sikuitia sandukuni. Mama Debora alishuka, tukaivaa kwa zamu begani, wazi kabisa mbele ya macho ya watu wote, tukapanda nayo. Pale bariyeri wakatusimamisha. Sikungoja waniulize. Nikawaambia, "Ni gitare ya besi. Nimeitengeneza mi mwenyewe. Munataka kugusa? Muguse." Kijana mmoja aligusa uzi kwa kidole, akatabasamu, akainua kamba tukapita.

Ndugu zangu mnaosoma, sikuandika haya ili mnililie. Nimeandika kwa sababu najua sasa hivi kuna mwanamke mahali fulani, Fizi au Uvira au mbali zaidi, ambaye kazi ya mikono yake inaitwa kwa jina la mtu mwingine, naye yuko jikoni anasikiliza. Mama, toka jikoni! Usiseme ni upendo. Upendo unaokuomba ujifiche leo, kesho utakuomba ufe. Mimi nilikaribia.

Na wewe mwanaume unayeona wivu juu ya mkeo, lia, kasirika, mwambie usoni. Lakini usipeleke jina lake kwa wenye bunduki. Huku kwetu neno moja la uongo linatosha kuua mtu, na wewe uliyelisema hutaweza kulikimbilia ulirudishe. Muulizeni Amisi.

Mimi niko hapa hapa Baraka. Karakana nimeihamishia mbele ya nyumba, kando ya cherehani, mlango wazi mchana kutwa. Anayetaka besi, aje. Na anayetaka kwenda kunisema, aje pia. Nitampa kiti, akae, asikilize kwanza.